Saa Mpya na Maji ya Matope

Machi 2
Saa imefika. Mleta mizigo amenikuta langoni nikikwangua matope kwenye viatu, akanipa kiboksi kidogo na kuuliza kama ni sabuni. Nikamwambia ni saa. Akakitikisa sikioni. "Mbona hailii?" Nimemnyang'anya nusura nimkwaruze.

Nimeingoja tangu mwaka jana. Kila mpenda saa anaisifia hii: sura ya kizamani, ya zile walizovaa wapiga mbizi enzi za babu zetu, lakini mashine ya ndani ni mpya. Uso mweusi, alama nene zenye rangi ya siagi, kioo kilichovimba katikati kama tone la maji, na ile pete ya nje inayozungushwa ili kuhesabu dakika. Katika kundi letu la simu karibu kila mtu anayo, na wote wanaiita saa ya mbizi. Kichekesho ni kwamba anayepiga mbizi ni mimi peke yangu. Kiongozi wetu, tunayemwita Kepteni, kina kirefu zaidi alichowahi kuipeleka yake ni beseni la vyombo.

Ndiyo maana wamenitwika mzigo. "Dada, wewe ndiye wetu wa majini," Kepteni ameandika. "Ivae kazini msimu wote wa mvua, kisha utuambie ukweli. Inastahili sifa zote hizi au tumependa sura tu?" Nimekubali. Nitakuwa naandika hapa nisije nikasahau.

Machi 3
Mume wangu ni mwoka mikate. Ameitazama saa juu ya meza, mikono imejaa unga, hakuthubutu kuigusa. "Nzuri. Inafanana na wewe." Nikamuuliza kivipi. "Nene kidogo, lakini haina maneno mengi." Nimemrushia kitambaa cha vyombo.

Machi 5
Leo nimeshuka nayo kwa mara ya kwanza.

Kazi yenyewe ni hii. Chini ya ukuta wa bwawa linalolisha mji wetu maji kuna mdomo wa bomba kubwa, umewekewa wavu wa vyuma ili takataka zisiingie kwenye pampu. Wakati wa kiangazi tunashuka mara moja moja kukagua. Mvua zikianza, mito inaleta kila kitu: matawi, magunia, magodoro. Mwaka juzi ulikuja mlango mzima na kitasa chake. Vyote vinakwenda kung'ang'ania wavuni, na wa kuvibandua ni mimi na mkuu wangu, mzee tunayemwita Chura. Alipewa jina hilo kwa jinsi anavyoogelea, ingawa ukimwona amekasirika utadhani ni kwa sababu ya macho.

"Kompyuta ya mkononi unayo," ameniambia. "Inakuhesabia kina, dakika, kila kitu. Hili pambo la nini?"

"La akiba, mzee."

"La akiba!" Amecheka kwa pua tu.

Huko chini maji bado ni safi. Alama za saa ziliwaka kijani kana kwamba mtu amewasha taa ndani ya mkono wangu. Nilijikuta nikiitazama hata nisipokuwa na shida ya kujua saa. Nimepanda juu natabasamu na kifaa cha kupumulia mdomoni, jambo ambalo si rahisi.

Machi 9
Mvua ya kwanza. Saa inakwenda. Nina furaha ya kijinga.

Machi 12
Upepo umeng'oa paa la saluni ya wifi yangu. Mume wangu amemleta jioni, na begi moja, viti viwili vya wateja na kioo kikubwa ambacho sasa kimeegemea ukuta wa sebule yetu. Ni dada yake mkubwa na hakuna wa kumkataa. Nimempokea vizuri. Nimempa chumba cha nyuma, nimempa shuka mpya.

Wakati wa kula amenishika mkono, akaigeuza saa huku na huku. "Wifi, hiki ni kifuniko cha sufuria?"

Mume wangu amecheka mpaka chai ikampalia.

Machi 13
Amehamisha sufuria zangu zote.

Machi 14
Na kisu changu cha mkate. Nimemwomba mume wangu aseme naye. "Mimi niko upande wa mikate," amejibu, akaenda kazini.

Machi 18
Kasoro ya kwanza ya saa: mkanda. Ni wa mpira, mgumu, unanikata kwenye mfupa wa kifundo. Tena hauna urefu wa kuzunguka vazi la mbizi bila kubana. Saa inayoitwa ya mbizi! Nimeutoa, nimeweka wa kitambaa, mrefu, wa kijivu. Nimewaandikia kwenye kundi. Watu wawili wamekasirika kana kwamba nimewatukana mama zao. Mmoja amesema labda kasoro ni mkono wangu.

Machi 20
Nilipokuwa nakata gunia lililojisokota kwenye wavu, saa iligonga chuma na pete ikasogea. Kwanza nilitaka kulia. Kisha nikakumbuka kwamba pete hizi huzunguka upande mmoja tu, na upande huo ni wa kukuonyesha kwamba umekaa sana kuliko ulivyokaa kweli. Ikikudanganya, inakudanganya ili upande mapema. Aliyebuni jambo hilo alikuwa na watu anaowapenda.

Wifi ameniuliza jikoni kwa nini nafurahi. Nilianza kumweleza. Nilipofika kwenye pete akaanza kupanga vijiko.

Machi 24
Mshika kamba wetu amejifungua kabla ya tarehe aliyotazamia. Mtoto wa kike, wote wazima, tunashukuru. Lakini mshika kamba ndiye anayekaa ukingoni akiwa ameshika kamba iliyofungwa kiunoni mwa mpiga mbizi. Mvuto mmoja maana yake niko salama. Miwili, nilegezee. Mitatu, panda. Maji yakishachafuka, kamba hiyo ndiyo macho na masikio yetu.

Leo nilisahau chakula nyumbani. Wifi amenifuata nacho bwawani chini ya mwavuli, amemkuta Chura anagombana na simu akitafuta mtu wa kuziba pengo.

"Mama, unafanya kazi gani?" Chura akamuuliza.

"Nasuka nywele. Nilikuwa nasuka."

Chura akampa ncha ya kamba, akamwambia afumbe macho, akaenda nayo mbali na kuanza kuigusa kwa kidole. Kila alipoigusa, wifi alisema. "Hapo umegusa. Hapo umevuta. Hapo ni upepo tu." Chura alirudi macho yamemtoka zaidi ya kawaida yake. "Kesho asubuhi uje na koti la mvua."

Hakuna aliyeniuliza mimi.

Machi 25
Nimegombana na mume wangu, kwa sauti ya chini kwa sababu kuta zetu ni nyembamba. Nimemwambia sitaki kufungwa kamba na mtu asiyeweza kuacha kisu mahali pake. "Anajifunza haraka," alisema. "Wewe hujui, dada yangu ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli." Nikamuuliza kama hakuanguka. "Nilianguka. Kwa sababu nilimwambia aniachie."

Aprili 1
Nimeshuka mara tano sasa akiwa ameshika kamba. Sina la kulalamika, na hilo lenyewe linaniudhi. Mvuto wake unaeleweka. Njia nzima ya kurudi nyumbani hatukuzungumza, tulisikiliza mvua tu.

Aprili 3
Mvua.

Aprili 4
Mvua. Saa inatangulia kidogo, kila Jumapili nairudisha nyuma. Hawakuandika hilo kwenye matangazo.

Aprili 8
Kioo kimepata mkwaruzo, mdogo, karibu na ile alama ya juu. Nilitazamia kuumia. Sikuumia sana. Lakini tope linaingia chini ya pete na kuifanya iwe ngumu kama kifuniko cha chupa ya asali. Kwa glavu zenye maji siwezi kuizungusha. Nimeisugua kwa mswaki wa zamani wa mume wangu. Natumaini ni wa zamani.

Kwenye kundi, Kepteni ameandika, "Dada, tunakuomba na mazuri uyaseme." Nimemjibu kwamba maji hayajaingia hata tone na inasomeka gizani kuliko uso wa mtu. Wakanitumia vipicha vya makofi. Watu wazima hawa.

Wifi alikuwa anachungulia begani. "Hao wote wanaongea juu ya hiki kifuniko?"

"Ndiyo."

"Hawana familia?"

Nimecheka. Ni mara ya kwanza tunacheka pamoja, na tumewacheka wenzangu. Nimejiona msaliti, ila kidogo tu.

Aprili 16
Niandike yote, taratibu.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi tulipofika, maji ya bwawa yalikuwa rangi ya kahawa na mhandisi wa pampu alikuwa anatembea huku na huku bila kofia. Pampu zilikuwa zinavuta kwa shida. Alizizima ili tuweze kushuka, na tangu dakika ile mji wote ulikuwa unaishi kwa maji yaliyobaki kwenye matangi. Hospitali, shule, tanuri la mume wangu, kila mahali. Mhandisi hakutuharakisha kwa maneno. Alikuwa anatazama matangi tu, halafu anatutazama sisi.

Chura ana mafua mazito, masikio yameziba. Kushuka na masikio yaliyoziba ni kujitafutia kutobolewa ngoma ya sikio. Kwa hiyo yeye akae kwenye winchi, ile mashine ya kuvutia mnyororo, nishuke mimi peke yangu, wifi kwenye kamba.

Tulikuwa tunafunga kamba kiunoni wakati wifi alipotoa simu yake mfukoni, ile anayopimia dakika. Ilimwaga maji kama kikombe. Ya Chura iko garini, na gari liko ng'ambo ya ukuta. Nikavua saa yangu, nikamfungia wifi juu ya mkono wa koti la mvua. Mkanda ule wa kijivu ulizunguka vizuri. Nilizungusha pete kabla sijavaa glavu, nikamwonyesha.

"Huu mshale mrefu ukifika hapa, mivuto mitatu. Nisipopanda, rudia."

"Na ukikataa?"

"Sitakataa."

Aliutazama ule uso mweusi kwa makini, akafuta matone kwa kidole gumba. Hakusema neno kifuniko.

Chini hakukuwa na kitu cha kuona. Nilishuka nikishika ukuta mpaka vidole vikagusa kitu ambacho si ukuta: mti mzima, na mizizi yake, umelala juu ya wavu. Kitu pekee nilichoweza kusoma ni tarakimu za kompyuta mkononi, kwa sababu zinawaka. Geji ya hewa haina taa. Niliibandika kwenye miwani na sikuona chochote ila tope.

Nilipapasa shina mpaka nikapata mahali pa kupitisha mnyororo. Ulitoka mara mbili. Mara ya tatu ukakaza. Nilisogea kando kwenye kona ya ukuta, nikapiga mivuto minne, ishara ya wifi kumwambia Chura avute, na muda mfupi baadaye nikausikia mti ukinyanyuka, zaidi tumboni kuliko masikioni. Nilirudi kwenye wavu nikidhani nimemaliza, mkono ukagusa kitu laini. Turubai. Kubwa, limefunika karibu nusu ya wavu, limenaswa pembeni kwenye vyuma. Nikaanza kulikata.

Hapo ndipo kamba ikavutwa mara tatu.

Nilitazama kompyuta. Bado nina muda, wa kutosha kabisa. Nikavuta mara moja: niko salama. Ikaja mitatu tena. Nilikuwa nimebakiza kona moja ya turubai, nikafikiria matangi yale, nikafikiria jinsi mtu huyu alivyohamisha sufuria zangu. Nikavuta mara moja, kwa hasira, kamba iseme na hasira yangu. Kukatulia. Nikakata tena kidogo.

Halafu kamba ikakaza na nikanyanyuliwa kama ndoo ya kisimani.

Nilitukana njia nzima, matusi yanatoka kama mapovu. Alinivuta taratibu, sawasawa, bila kunipandisha kwa pupa, lakini hakuacha. Nilipofika juu nilitoa kifaa mdomoni nikapiga kelele mbele ya mhandisi na kila mtu. "Nani amekwambia univute? Nina muda! Nimebakiza kona moja!"

Wifi alikuwa amejifunga kamba mgongoni, miguu imejikita kwenye jiwe la ukingo, anahema. Alininyooshea mkono wenye saa. Mshale mrefu ulikuwa umeshapita pale nilipomwonyesha.

Chura alinishika mkono wangu wa pili, akaitazama kompyuta, akaigonga kwa kucha. Tarakimu hazikusogea. Akaigonga tena. "Hii imeganda," alisema polepole. Kisha akageuza geji ya hewa, akaipangusa tope, akaniwekea mbele ya macho. Mshale wake ulikuwa umelala kwenye nyekundu, mwisho kabisa.

Nilikaa chini kwenye matope. Mvua ilikuwa inaingia kwenye kola ya vazi langu na niliiacha iingie.

Chura alinipumzisha muda aliotaka yeye, na mhandisi alipofungua mdomo alimtazama kwa yale macho yake mpaka akaufunga. Kisha akanifungia kompyuta yake mwenyewe na mtungi mpya. Kabla sijashuka, wifi alianza kufungua saa ili anirudishie.

"Kaa nayo," nilimwambia. "Zungusha pete."

Aliizungusha. Kona ya turubai ilitoka bila ubishi. Nilipovutwa mara tatu nilipanda kama mtoto anayeitwa chakula. Pampu zikaguruma, na mhandisi akaenda kutafuta kofia yake.

Aprili 17
Leo ni mapumziko. Nimeamka nimemkuta wifi jikoni anachemsha chai. Mume wangu alikuwa ameshatoka. Nilisimama mlangoni.

"Nisamehe kwa kelele za jana."

"Ulikuwa unatukana kwenye maji pia," amesema. "Niliyaona mapovu."

Tumekaa. Nimemuuliza alijuaje kwamba asinisikilize, maana nilimpa ishara ya kwamba niko salama, mara mbili, tena sahihi.

Amefikiri kidogo, kijiko mkononi. "Nimesuka watu miaka mingi, wifi. Mteja anakwambia haiumi, endelea, kaza tu. Na mimi chini ya vidole naiona ngozi imejikunja. Simsikilizi mdomo. Halafu jana kulikuwa na wewe wawili. Mmoja alikuwa mkavu, amesimama mbele yangu, ananiambia mshale ukifika hapa nivute. Mwingine yuko kwenye matope ananivutia kamba kwa hasira. Nikamwamini yule mkavu."

Nimetaka kumjibu kwa mzaha, nikageuzia uso dirishani. Amejifanya hajaona. Akaniambia vikombe viko kabati la kushoto sasa, kwa sababu la kulia linavuja mvua ikipiga upande ule, ndiyo maana aliviondoa. Na sufuria pia. Alidhani nilikuwa nimeona.

Nimeinuka, nimefungua kabati la kulia. Ukuta umelowa mpaka chini.

Aprili 18
Kompyuta mpya zimeagizwa, mbili. Chura amenunua saa. Si kama yangu, ni ya bei ndogo, ya plastiki, lakini ina pete. "La akiba," amesema kabla sijafungua mdomo.

Aprili 27
Mvua kidogo. Wifi amenisuka. Nimelala kwa raha.

Mei 4
Mawingu yanapungua. Nimewaandikia wale wa kundi nilichoahidi:

"Ni saa nzuri. Mkanda wake ni mbaya, ubadilisheni. Tope linaikamata pete, isugueni. Inatangulia. Kioo kinakwaruzika, na mkwaruzo hauui. Maji hayajaingia. Gizani inasomeka vizuri mno. Nilipoiagiza nilitazamia mambo ambayo saa haiwezi kumpa mtu: nilidhani nitakapoivaa nitakuwa mpiga mbizi bora. Sikuwa. Siku iliyonifaa kuliko zote haikuwa majini. Ilikuwa ukingoni, kwenye mvua, mkononi mwa mtu anayejua maana ya ahadi. Kazi yake siku ile ilikuwa kwenda sawasawa na kusomeka, nayo ikaifanya. Mimi nimeridhika."

Kepteni ndiye aliyejibu wa kwanza, akauliza mkanda wa kijivu niliununua wapi.

Mei 11
Paa la saluni limetengenezwa. Mume wangu na mimi tulimsaidia wifi kubeba kile kioo, tukakifikisha bila ufa. Alizunguka chumba, akagusa masinki, akakaa kwenye kiti cha mteja.

"Jumamosi na Jumapili nitasuka," alisema.

"Na siku nyingine?" mume wangu akauliza.

Akanitazama mimi kabla ya kumjibu. "Nimemwomba Chura anifundishe kushuka. Nimechoka kuwa juu nikiwaza huko chini kukoje."

Mume wangu alitutazama kwa zamu, kama mtu aliyekuja nyumbani akakuta milango imebadilishwa mahali.

Mei 23
Jua. Bwawa limeanza kuwa safi juu juu, chini bado ni giza.

Wifi ameshuka bwawani kwa mara ya kwanza, baada ya mazoezi ya bwawa la kuogelea. Chura alikuwa naye majini. Kamba nilishika mimi. Sikujua ni kazi ngumu hivi. Ukiwa chini una la kufanya, una vyuma vya kukata. Ukiwa juu una kamba tu, na maji yaliyofunga juu ya kichwa cha mtu wako kana kwamba hakuwahi kupita hapo. Kila alipoigusa kamba nilishtuka. Niliomba asije akanivutia kwa hasira, kisha nikajua kwamba hata akivuta nitamtoa tu.

Nilivuta mara tatu. Akapanda, bila ubishi, Chura nyuma yake. Alishika ukingo, akavua miwani, uso umebonyea alama nyekundu pande zote, meno yanagongana. Nilimshika kwapani nikamvuta mpaka juu, tukakaa wote wawili kwenye jiwe. Nilisubiri. Chura naye alisubiri, ingawa alijifanya anakagua mtungi.

"Kuna baridi," wifi alisema alipopata pumzi. "Kuna giza. Sijaona kitu chochote kabisa."

Nikasema pole.

Akakamua maji kwenye nywele, akaniangalia, macho yake yanang'aa kama ya mtoto.

"Kesho saa ngapi?"